Nani Anasikiliza Upande wa Pili? Mawasiliano ya Dharura katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Barabara kuu ya Mombasa–Malindi ikikatika, Kaunti ya Kilifi hugawanyika mapande mawili. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2023, mvua za El Niño zilipojaza mabonde na maji yakalishinda daraja la Mbogolo. Upande mmoja kulibaki makao makuu ya kaunti na hospitali kuu mjini Kilifi. Upande wa pili Malindi, Magarini na vijiji vya bonde la Mto Sabaki, ambavyo ndivyo hupigwa kwanza mto ukifura. Siku kama hizo gari la wagonjwa halipiti, la zimamoto halipiti, na hata boti ya kuokolea watu haina njia ya kufikishwa kunakohitajika. Kinachoweza kuvuka ni sauti peke yake. Sauti hiyo inapita wapi, na upande wa pili nani anaisikiliza?

Kwa sehemu kubwa inapita kwenye simu za kawaida. Chifu ana simu yake, mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, ana yake, muuguzi wa zahanati ana yake, na wote wamo katika kundi moja au mawili ya WhatsApp. Polisi wana redio zao. Askari wa wanyamapori wa Arabuko-Sokoke na Tsavo Mashariki wana zao, na Walinzi wa Pwani, idara iliyoundwa mwaka 2018, wana zao. Kila idara husikia ya kwake. Mahali pekee ambapo mvuvi, polisi, daktari na mzee wa mtaa hukutana ni kwenye laini ileile inayotumiwa na mtu anayemtumia mwanawe karo.

Siku za kawaida laini hiyo inatosha, na ni kosa kuidharau, maana imeokoa watu wengi. Tatizo ni kwamba siku ya msiba huzidiwa kwa sababu zilezile zinazoufanya msiba uwe msiba. Kwanza, kila mtu hupiga simu kwa wakati mmoja, na mnara una nafasi za kuhesabika. Pili, mnara unakula umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na umeme ukakosekana kwa saa nyingi. Mnara wenye jenereta na mafuta uliendelea, wenye betri chakavu ukazima. Tatu, ujumbe wa WhatsApp kutoka Mambrui kwenda Malindi, mwendo usiofika kilomita 20, hutegemea mitambo iliyo ng'ambo na nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilidhoofika kwa siku kadhaa, wakati nchi ilikuwa bado haijamaliza kuhesabu hasara za mafuriko ya masika.

Kwa hiyo nakubaliana na wanaosema watoa huduma za dharura wanahitaji mtandao wao usio na waya. Ninapoachana nao ni kwenye aina ya mtandao wenyewe, na zaidi kwenye nani ahesabiwe kuwa mtoa huduma.

Kenya tayari ina mfano mmoja mkubwa. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la Westgate jijini Nairobi na watu 67 wakauawa. Kati ya mambo yaliyojitokeza baadaye ni kwamba polisi na jeshi waliingia jengo moja bila mawasiliano ya pamoja, na kamanda wa kikosi maalumu cha polisi akauawa kwa risasi za wenzake. Juni 2014 ikafuata Mpeketoni, kaunti jirani ya Lamu, ambako watu zaidi ya 60 waliuawa. Mwaka huohuo serikali ilitia saini mkataba na Safaricom, kwa gharama iliyokaribia shilingi bilioni 15 na kwa mitambo ya Huawei, wa kujenga mtandao wa polisi: kamera 1,800, redio za mkononi kwa maelfu na vituo vya kuongozea shughuli. Ulijengwa Nairobi na Mombasa. Msiba wa Mpeketoni ulisaidia kuhalalisha mradi huo, lakini minara yake haikufika Mpeketoni, wala Malindi iliyo njiani.

Uamuzi wa kuanza na miji miwili mikubwa una hoja yake. Mtandao wa aina hiyo, wenye picha za video na data nyingi, unahitaji minara iliyokaribiana, umeme wa uhakika na mafundi wa kudumu. Kilifi ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 12,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787, wengi wakiwa karibu na barabara ya pwani na waliosalia wametawanyika bara, kuanzia Bamba na Vitengeni hadi Marafa, Adu na Chakama. Kuitandaza mitambo ya Nairobi juu ya ardhi hiyo ni kutumia fedha nyingi kuwafikia maafisa wachache. Nchi tajiri zenyewe zimeona ugumu huo. Marekani ilipata somo lake Septemba 2001, pale wazimamoto waliokuwa ndani ya mnara wa kaskazini wa World Trade Center hawakuisikia amri ya kutoka. Wazimamoto 343 walikufa siku ile. Bunge lao lilipitisha sheria ya kuanzisha FirstNet, mtandao wa watoa huduma za dharura, mwaka 2012, na ni 2017 ndipo kampuni ya AT&T ilipopewa kazi hiyo kwa mkataba wa miaka 25. Uingereza nayo ilipanga kuachana na mtandao wake wa zamani wa Airwave kabla ya mwaka 2020, na tarehe ikawa inasogezwa mbele tena na tena. Kaunti inayosubiri mfumo wa namna hiyo itapitiwa na misimu mingi ya mvua.

Halafu kuna suala la watu. Pwani hii, anayefika kwanza kwa kawaida hana sare. Boti ikipinduka nje ya mwamba wa Watamu, wa kwanza kufika ni mvuvi mwenzake. Gari likibingirika Gongoni, wa kwanza ni bodaboda. Paa la makuti likishika moto, moto huruka hadi nyumba ya pili kwa dakika chache, na wanaopanda kuyatoa makuti kabla gari la zimamoto halijaanza safari ni vijana wa mtaa. Hali ni hiyo kotekote katika ukanda wetu. Ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi na mitumbwi yao ndio waliokuwa wa kwanza kuwatoa abiria. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walikufa. Mtandao unaowafikia wenye sare tu unawaacha nje hasa wale wanaoanza kazi.

Tuitazame bahari kwanza, maana huko upungufu uko wazi na dawa yake inajulikana. Wavuvi wa Malindi, Mambrui na Ngomeni huenda hadi Ghuba ya Ungwana, na wenye mashua kubwa hutoka mbali zaidi kufuata samaki wa maji makuu. Simu ya mkononi haikuumbwa kwa ajili hiyo. Teknolojia ya GSM kwa kawaida ina kikomo cha kilomita 35 kutoka kwenye mnara, hata kama bahari iko wazi na hakuna kilima cha kuzuia, kwa sababu mnara hukadiria muda wa mawimbi kwenda na kurudi, na ukizidi kipimo haukubali simu. Minara mingi pia imeelekezwa nchi kavu, waliko wateja. Zaidi ya hayo, msimu wa kaskazi huja wavuvi wa Pemba kwenye madago, yaani kambi zao za muda, huko Watamu na Malindi. Laini zao ni za Zanzibar, na namba za huku wengi hawanazo.

Redio ya VHF ya baharini haiulizi laini wala salio. Chaneli 16 ndiyo chaneli ya dharura duniani kote: anayeomba msaada husikiwa na kila aliyeiwasha katika eneo hilo, Mpemba, Mbajuni au meli ya mizigo ipitayo. Mombasa kuna Kituo cha Kanda cha Kuratibu Uokoaji Baharini, kilichofunguliwa mwaka 2006 chini ya Mamlaka ya Masuala ya Bahari ya Kenya, na dhamana yake inagusa pia maji ya Tanzania, Ushelisheli na Somalia. Lakini mawimbi ya VHF husafiri takriban kwa mstari wa macho. Redio mbili za mkononi ndani ya mashua mbili husikizana kilomita 10 na kidogo. Nahodha akizungumza na mlingoti wa mita 30 ulio ufuoni, anaweza kufikia karibu kilomita 28. Kutoka Ngomeni hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo sauti ya nahodha haiwezi kufika huko yenyewe. Lazima ipokewe karibu, na aliyeipokea aipeleke mbele.

Hapo ndipo BMU zinapoingia. Vikundi hivi vya usimamizi wa fuo vinatambuliwa na sheria, vina viongozi wanaochaguliwa, vina banda na daftari la vyombo vinavyotoka na kurudi. Kikipatiwa mlingoti mmoja, redio moja ya mezani, sola na betri, kituo cha BMU kinaweza kuwa sikio la ufuo wake. Ngomeni ina jambo jingine la kuangaliwa. Kituo cha San Marco, ambacho Italia ilianza kukitumia miaka ya 1960 na ambacho kutoka kwenye jukwaa lake baharini ilirushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, bado kina mitambo ya kufuatilia setilaiti, umeme wa uhakika na mafundi wa mawasiliano. Kenya na Italia zina mkataba kuhusu kituo hicho. Naona ni haki kabisa kwa wavuvi wa Ngomeni kuomba nafasi ya mlingoti mmoja wa VHF ndani ya uzio ule, na serikali ikaliweka ombi hilo mezani.

Tukirudi nchi kavu, jiografia ya Kilifi ina neema moja isiyotajwa vya kutosha. Ardhi ya pwani ni tambarare, lakini bara, upande wa Ganze, kuna Kilima cha Mwangea, kinachozidi mita 400. Kwa hesabu ileile ya mstari wa macho, ripita iliyowekwa juu yake, yaani mtambo unaopokea sauti dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu, inaweza kuzungumza na redio ya mkononi iliyo umbali wa kilomita 80 pasipokuwa na kizuizi. Mji wa Kilifi, Watamu, Malindi na vijiji vya Sabaki ya kati viko ndani ya nusu ya umbali huo au karibu nayo. Karatasi siyo ardhi. Kuna mabonde, misitu na vivuli vya vilima ambavyo ni lazima vipimwe kwa kutembea na redio mkononi. Magarini ya kaskazini itahitaji ripita ya pili. Hata hivyo mtandao wa sauti wa kaunti nzima unaweza kujengwa kwa vituo vichache, na bei ya ripita moja pamoja na sola yake haifikii bei ya gari jipya la wagonjwa.

Sauti tu, bila video na bila ramani? Ndiyo, kwa kuanzia. Anayemwita mwenzake kwa redio husikiwa na kumi kwa wakati mmoja. Hakuna kupiga namba, hakuna kusubiri ipokewe. Mzee wa Garashi akisema maji ya Sabaki yamepanda tangu alfajiri, mwenzake wa Mambrui, aliye upande mto unakoshukia, anasikia saa ileile. Lugha inaweza kuwa Kiswahili, na Kigiriama pale panapobana. Udhaifu wake ni kwamba redio ya kawaida husikiwa pia na asiyetakiwa. Hali ya mgonjwa haifai kutangazwa hewani, wala polisi hawatakubali operesheni zao zisikike sokoni. Kwa hiyo si lazima idara zote zihamie chaneli moja. Inatosha kila idara ibaki na zake, na kuwe na chaneli moja ya dharura inayojulikana na wote, pamoja na chumba kimoja ambamo redio za idara zote zimewekwa meza moja.

Simu za mkononi nazo zisitupwe. Ndani ya viwango vya GSM na vya mitandao iliyofuata kuna madaraja ya laini: wananchi wako 0 hadi 9, na 11 hadi 15 yametengwa kwa shughuli maalumu, daraja la 14 likiwa la huduma za dharura. Mnara ukizidiwa unaweza kuamriwa upunguze laini za kawaida na kuwaachia njia wenye daraja hilo. FirstNet ya Marekani kimsingi imejengwa juu ya wazo hilo la kupewa kipaumbele, pamoja na masafa yake yenyewe. Kwa Kilifi, hili ni jambo la makubaliano kati ya kaunti, kampuni za simu na Mamlaka ya Mawasiliano zaidi kuliko la ununuzi. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini, simu za kazi. Hao tayari wamo vijijini, wanajua nani hawezi kutembea na mama gani amekaribia kujifungua. Laini zao zingestahili kuwa za kwanza kuingizwa kwenye mpango huo. Na leseni ya kampuni inapohuishwa, saa za betri za minara ya Magarini na Ganze ziwe sharti lililoandikwa.

Yote haya ni mitambo, na Shakahola inatukataza kuishia hapo. Aprili 2023 makaburi ya wafuasi wa dhehebu walioambiwa wafunge hadi kufa yalianza kufukuliwa katika msitu huo ulio ndani ya Magarini, na miili iliyopatikana ilipita 400, miongoni mwao watoto wengi. Hospitali ya Malindi ilielemewa. Msalaba Mwekundu wa Kenya ulifungua dawati la kutafuta ndugu, na mamia ya majina ya waliopotea yakaandikishwa. Kamati ya Seneti iliyochunguza mkasa huo ilitoa ripoti Oktoba 2023, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikatoa yake mwaka uliofuata. Zote mbili zilivilaumu vyombo vya usalama, na tume ikaeleza kuwa taarifa ziliwafikia maafisa wa Malindi mapema na hazikufanyiwa kazi. Habari zilikuwa zimeshafika masikioni mwa wahusika. Uzito wa jambo hili ni mkubwa sana kwa yeyote anayepanga mitandao ya dharura pwani, kwa sababu ripita ya Mwangea isingewaokoa watoto wale kama aliyepokea angeamua kunyamaza.

Kwa hiyo nautazama mtandao wa dharura kwanza kama ahadi ya kusikiliza, yenye kumbukumbu. Chumba cha kupokelea mwito kinachofanya kazi usiku na mchana huandika saa, jina la mahali, alichosema mtoa taarifa, aliyeambiwa na alichofanya. Simu ya binafsi ya chifu au ya inspekta haiachi daftari la namna hiyo. Taarifa ikipita kwenye chaneli ya wote na kurekodiwa, idara tatu zimeisikia, na hakuna hata moja itakayodai haikuwa na habari. Wazazi waliokwenda kituoni kutafuta watoto wao wangekuwa na namba ya kumbukumbu ya kudai majibu.

Tsunami ya 26 Desemba 2004 inaonyesha upande mwingine. Kutoka tetemeko la Sumatra hadi mawimbi kufika Kenya zilipita kama saa tisa. Hakukuwa na mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi, lakini habari za Asia zilikuwa redioni, na maafisa waliozisikia waliwaondoa watu ufuoni. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Somalia, ambako habari hazikuwafikia watu wa pwani, ilipoteza mamia. Leo tahadhari hutoka kwa vituo vya kimataifa hadi Idara ya Hali ya Hewa kwa dakika chache. Kipande kinachobaki kigumu ni kutoka hapo hadi kwa mtu anayekoga Silversands au anayevuta wavu Mayungu.

Nani awe mwenyewe? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti zimamoto, magari ya wagonjwa na udhibiti wa majanga, huku udhibiti wa majanga ukitajwa pia upande wa serikali ya kitaifa, ambayo ndiyo yenye polisi na masafa. Utata huo umekuwa kisingizio cha kila upande kumngoja mwenziwe. Kwa maoni yangu kaunti ishike chumba cha kupokelea na ripita, na serikali kuu itoe masafa bila ada kwa shughuli za dharura. Mamlaka ya Mawasiliano ilikwisha kuonyesha mwaka 2021, ilipotoa utaratibu wa leseni nafuu kwa mitandao ya jamii, kwamba sheria inaweza kulegezwa kwa ajili ya wananchi wanaojijengea mawasiliano. Utaratibu wa namna hiyo kwa redio za BMU na vituo vya afya usingekuwa jambo geni.

Gharama ngumu zaidi ni mishahara. Wafadhili hupenda kununua redio, kwa sababu redio hupigwa picha. Zamu ya usiku ya mtu anayekaa mbele ya mtambo saa nane hailipiwi na mfadhili mwaka wa tatu. Zamu tatu kwa siku, mwaka mzima pamoja na likizo na ugonjwa, hazitimizwi na watu wachache kuliko watano kwa kila kiti, na chumba cha maana kinahitaji viti viwili. Watu kumi, basi, katika bajeti ya kaunti, kila mwaka. Bunge la Kaunti ya Kilifi likitaka kujua kama linauhitaji mtandao huu, lianze kwa kujadili nafasi hizo kumi kabla ya kujadili mlingoti wowote. Kisha ufanyike mtihani mdogo msimu mmoja, kutoka Watamu hadi Ngomeni na kando ya Sabaki hadi Garashi, kaskazi ikianza, wageni wa dago wakiwa wamewasili na bahari ikiwa bado tulivu, ili masika yakifika makosa yawe yameshaonekana.